Nilichokiona Buna: Masomo ya Kompyuta na Amana za Nyumba Zetu



Mwezi wa Rajabu uliopita nilisafiri kwenda Buna, katika Kaunti ya Wajir, kuhudhuria nikaha ya kijana wa rafiki yangu. Rafiki huyu tulisoma pamoja hapa pwani tulipokuwa barobaro. Tulilala chumba kimoja, tukagawana mkeka mmoja na taa moja ya chemni, tukikariri nahau hadi usiku wa manane. Yeye alirudi kwao akafungua duksi, ndilo jina la madrasa ya Qur'ani katika nchi hiyo, nami nikabaki pwani. Safari yenyewe si fupi. Unapita Malindi, Garsen na Hola hadi Garissa. Kutoka Garissa unakata zaidi ya kilomita 300 kufika Wajir mjini. Na ukishafika Wajir bado unashika njia ya Moyale, kaskazini-magharibi, ndipo uione Buna. Nilishuka garini kanzu yangu ikiwa imegeuka rangi, sijui niiite nyeupe au ya udongo.

Siku ya tatu baada ya harusi, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa tumeketi uani tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Akaja mama mmoja, jirani wa mwenyeji wangu, pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Mama alishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Alimwambia mwenyeji wangu, "Maalim, mwombe mgeni wako atuangalizie." Nikadhani nitakiwa kusoma ujumbe, nikanyoosha mkono. Binti akatikisa kichwa kwa adabu.

"La, adeer," akasema, na adeer ndilo neno ambalo Wasomali humwitia mwanamume aliye rika la baba zao. "Kusoma najua. Shida ni kwamba mlango umefungwa na ufunguo anao mtu mwingine."

Habari yao ilikuwa hivi. Binti alipata alama ya D ya kujumlisha katika mtihani wa KCSE. Alama hiyo haikumfikisha chuo kikuu, lakini inatosha kabisa kumwingiza chuo cha ufundi, naye alitaka kusomea kompyuta. Maombi ya nafasi hizo hayaandikwi tena kwa karatasi. Hujazwa kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowagawa wanafunzi katika vyuo. Mama aliuza mbuzi wawili, binti akapanda gari hadi mji mmoja nisioutaja, akaingia katika saiba, yaani kibanda cha kompyuta cha kulipia. Kijana mwenye kibanda akamuuliza jina, nambari ya mtihani na cheti cha kuzaliwa, akagonga vitufe kwa kasi, akasema, "Tayari, dada, nenda nyumbani, usiwe na wasiwasi." Barua pepe aliyoiweka ilikuwa yake mwenyewe. Nambari ya simu, yake. Neno la siri alilibadilisha, na jipya halikuandikwa popote. Sasa majibu yametoka, tarehe ya kuripoti chuoni imebakisha siku nne, na kijana yule simu yake haipatikani.

Wageni wa harusi waliokuwapo kila mmoja alitoa rai. Mzee mmoja alitaka aitwe chifu. Mwingine alisema ni bora kusubiri mwaka ujao, kwa kuwa msichana bado mdogo. Mama akamkata jicho, naye akarudi kwenye chai yake. Mimi nilikaa kimya, na sababu ya kimya changu naona haya kuisema lakini nitaisema.

Miaka miwili nyuma nilitaka pasipoti mpya kwa ajili ya Umra. Nimefundisha fiqhi zaidi ya miaka 25, nimeandika makala nisizoweza kuzihesabu, zote kwa kalamu, na mwanangu ndiye huzichapa. Siku ile mwanangu hakuwapo. Nikaenda kwa kijana mmoja, katika mji ambao nao siutaji, akanifungulia akaunti ya eCitizen kwa nambari yake ya simu. Kila nilipotaka kujua maombi yangu yamefika wapi, tarakimu za uthibitisho zilikwenda kwake, nami nikalazimika kumfuata na kumlipa. Nilimlipa mara nne. Mara ya tano nikaambiwa amepata kazi Ghuba na ameondoka na laini yake. Picha yangu, nambari ya kitambulisho changu, jina la mama yangu na anwani ya nyumba yangu vyote vilikuwa katika mashine ya mtu nisiyemjua kwa ukoo wala kwa mtaa.

Tukiwa watoto tulifundishwa kwamba barua ya mtu haifunguliwi na asiyeandikiwa, na kwamba anayetaka kuingia nyumba ya watu apige hodi, ajibiwe, ndipo aingie. Leo tunawapa wageni funguo za nyumba zetu kwa shilingi mia moja, nasi tunashukuru. Tunayatoa majina ya wake zetu, tarehe za kuzaliwa za binti zetu, picha zao na nambari zao za simu, kisha tunatoka na karatasi mkononi, na yote hayo tunayaacha nyuma. Ndiyo maana nasema masomo ya mwanzo ya kompyuta, yale ya miezi miwili mitatu ambayo watu huyadharau, yanahusu stara ya nyumba kabla ya kuhusu ajira.

Wako watakaosema kwamba mambo haya si yetu. Huwajibu kwa kuwakumbusha neno moja tu: chuo. Wazee wetu wa pwani walipotamka neno hilo hawakukusudia majengo ya serikali. Chuo kilikuwa kitabu, na chuo kilikuwa pia mahali mtoto alipopelekwa na ubao wake kusoma Qur'ani. Mwenye elimu tukamwita mwanachuoni, naye ndiye jina lake hadi leo. Na ukiuliza kompyuta inahesabu kwa nini, utaambiwa ni kwa moja na sifuri, na sifuri ni neno la Kiarabu lililoingia katika lugha yetu likakaa. Tarakimu zenyewe asili yake ni Bara Hindi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu cha kuzieleza, na kilipotafsiriwa kwa Kilatini jina lake likageuka kuwa neno wanalolitumia wataalamu wa kompyuta duniani kote kwa utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua hesabu: algorithimu. Kitabu chake kingine ndicho kilichowapa watu jina la aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia nini? Wasia na mirathi. Mwanachuoni yule alikuwa anawarahisishia watu kugawa mali ya marehemu.

Turudi kwenye chuo cha leo. Msomaji ambaye hajawahi kuingia darasa la kompyuta asidhani kwamba kuna miujiza ndani. Siku ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kuwasha na kuzima, na kuzima ndiko kugumu zaidi, maana wengi hukata umeme tu kama wanaozima taa. Kisha hushikishwa kipanya. Nimewaona watu wazima, akina mama waliolea watoto wanane na kuendesha maduka, wanakishika kipanya kana kwamba kitawauma, na mshale kwenye skrini unakimbia huku na huko wao wakiufuata kwa macho na mwili mzima. Hilo hupita baada ya siku tatu. Baada ya hapo huja kibodi, kisha faili na folda, na hapa ndipo mwalimu mzuri hutambulika. Mwalimu dhaifu humwambia mwanafunzi abonye hapa, abonye pale. Mwalimu mzuri humwambia kwamba folda ni kasha na faili ni karatasi iliyo ndani ya kasha, na kwamba ukiweka karatasi bila kujua umeiweka kasha gani, usimlaumu shetani.

Yanafuata masomo ambayo vyuo vyetu huyaita kwa pamoja pakeji: kuandika barua na kuipamba, kutengeneza majedwali ya hesabu, kuandaa slaidi za kuonyeshea watu, kutunza orodha kubwa za kumbukumbu, barua pepe na intaneti. Kwa wengi huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu. Katika hayo, linalopuuzwa na wanafunzi ni jedwali la hesabu, nami naliona ndilo lenye baraka nyingi kwa nyumba. Mama mwenye duka la vitambaa akiandika bidhaa zake, bei alizonunulia, wanaomdai na anaowadai, jedwali litamjumlishia mwenyewe. Ukifika mwaka wa zaka, ataweka safu moja zaidi, aizidishe kwa asilimia 2.5, na kilichokuwa kinamkosesha usingizi kwa siku tatu kitakuwa kimekwisha kabla ya adhana ya isha. Mfugaji wa Buna naye ana hesabu zake: ngamia nisabu yake ni 5, ng'ombe 30, mbuzi na kondoo 40. Nilimweleza mwenyeji wangu haya usiku ule, naye akacheka akasema kwamba Msomali kumwambia mtu idadi kamili ya ngamia wake ni jambo zito, sembuse kuiandika kwenye mashine. Nikamwambia ndiyo maana inafaa mashine iwe yake na neno la siri liwe lake.

Ama wapi masomo haya yanapatikana, hali ya kaskazini-mashariki si ile ya miaka ishirini iliyopita. Garissa kuna chuo cha ufundi kilichopandishwa hadhi mwaka 2016 kuwa chuo cha kitaifa. Kuna pia Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake kamili mwaka 2017. Hata karibu na kambi za wakimbizi za Dadaab, tangu mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, vikishirikiana na vya Kanada, vimekuwa vikiwafundisha wakimbizi pamoja na wenyeji, sehemu kubwa kwa kompyuta, mwalimu akiwa ng'ambo ya bahari. Sharti za kuingia vyuo vya ufundi si kali: kwa kawaida stashahada huhitaji C ya kutoa katika KCSE, cheti huhitaji D wastani, na kozi ya ufundi wa mikono iliyo chini yake hukubali alama ya chini zaidi. Binti wa Buna, kwa D yake ya kujumlisha, hakuwa anaomba fadhila.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika mtaala mpya wa vyuo vya ufundi, ule unaopima mwanafunzi kwa anachoweza kukitenda, kila mwanafunzi husoma pia somo la msingi la kutumia kompyuta na vifaa vyake. Awe amekwenda kujifunza ushonaji, upishi, umeme au uashi, somo hilo linamhusu. Kwa hiyo mzazi anayesema, "Binti yangu ni wa cherehani, kompyuta ya nini?" ajue kwamba atakutana nayo huko huko kwenye cherehani.

Lakini nisiifanye njia kuwa nyeupe kuliko ilivyo. Kutoka Buna hadi Garissa ni mwendo wa siku nzima na zaidi gari likiwa na afya. Wazazi bado wanaikumbuka tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri ile wanafunzi na wengine, watu 148, walipouawa katika chuo cha Garissa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na vijana wamesoma humo tangu wakati huo, lakini hofu ya mzazi haifunguliwi kwa tangazo. Walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa Wajir mwaka 2018 na Garissa mwaka 2020 baada ya mashambulizi, na somo la kwanza kukosa mwalimu huwa ni lile lililo na wajuzi wachache. Umeme nao ni mtihani wake. Wajir ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa umeme wa jua uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu mwaka 2017, na wasomaji wangu wa Lamu, Kilifi, Kwale, Tana River na Taita Taveta wajue kwamba kaunti zao zimo katika orodha hiyo hiyo, basi tusimcheke jirani.

Na kuna kitambulisho. Huwezi kufungua akaunti ya serikali, wala kusajili laini ya simu kwa jina lako, bila kitambulisho, na kwa miaka mingi kijana wa kaskazini-mashariki alipotaka kitambulisho aliwekwa mbele ya kamati ya ziada kuulizwa babu wa babu yake alizaliwa wapi. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuuondoa uchunguzi huo wa ziada. Watu wa Buna waliniambia wanaungoja utekelezaji wake kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja. Nilipowasikiliza nilikumbuka kwamba huduma zaidi ya 5,000 za serikali ziliingizwa kwenye eCitizen kufikia mwaka 2023. Kwa aliye na kitambulisho, simu na ujuzi, huduma hizo zimesogea hadi kitandani kwake. Aliyekosa kimoja katika hivyo vitatu zimemkimbia.

Sisi wa pwani tunalo la kujiuliza hapa. Mwaka 2009 waya wa intaneti wa TEAMS ulipandishwa nchi kavu Mombasa, ukitokea Fujairah katika Falme za Kiarabu, njia ile ile ambayo majahazi ya babu zetu yaliifuata kwa upepo wa kaskazi. Waya umetushukia mlangoni. Je, ni akina mama wangapi wa Majengo, Kibokoni au Langoni wanaoweza kujaza fomu ya mtoto wao bila kwenda kwa kijana wa kibandani? Mimi mwenyewe, kama nilivyokiri, sikuweza.

Nimeulizwa mara nyingi na akina baba kuhusu binti kusoma darasani na wavulana, tena mbele ya mashine inayoweza kuleta picha za kila aina. Swali hili silidharau. Darasa lenye watu wengi, mlango wazi, mwalimu na wanafunzi wakionana, si faragha ya watu wawili, na hayo yana hukumu tofauti katika vitabu vyetu. Palipo na wanawake wa kutosha, chuo kiombwe kiwapangie kipindi chao cha asubuhi, na mwalimu mwanamke akipatikana ni bora zaidi. Vyuo vingi hukubali kwa sababu mashine zao asubuhi hukaa bure. Lakini baba anayemkataza binti yake kukaa darasani saa mbili mbele ya watu, kisha akampeleka kukaa peke yake na kijana wa saiba, kitambulisho chake na picha yake vikiwa vimefunguliwa kwenye skrini, huyo sijui anakikimbia kipi na kukikimbilia kipi. Na kuhusu picha mbaya, simu iliyo mfukoni mwa mtoto inazileta zote bila chuo chochote.

Onyo langu liko upande mwingine, kwa wafanyabiashara wa vyeti. Kila mji sasa una ghorofa yenye bango la chuo cha kompyuta. Chuo cha ufundi nchini Kenya chatakiwa kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa hati hiyo ikiwa hai. Aulize ni nani anayetunga mtihani: ni chuo chenyewe, au ni baraza la taifa la mitihani, au ni baraza la mtaala mpya? Aulize pia jambo ambalo halimo kwenye bango: kila mwanafunzi ana mashine yake, au watatu wanagombea moja? Watatu kwenye mashine moja maana yake mmoja anajifunza na wawili wanatazama, na kwa kawaida anayetazama ni msichana. Wala asiamini ahadi ya kazi. Cheti cha miezi mitatu cha kuandika barua na kutengeneza jedwali hakimpi mtu kazi benki, na anayesema kinampa anauza kitu kingine.

Kwa nyumba ambazo hazina mtu aliyesoma bado na zinalazimika kwenda kibandani, nina maneno machache ya muda. Nenda na nambari yako ya simu na barua pepe yako, hata kama mtoto wa jirani ndiye aliyekufungulia. Neno la siri liandike wewe kwa kidole chako, polepole, na kijana ageuke pembeni. Asiyetaka kugeuka, toka. Kabla ya kuondoka mwambie aifunge akaunti yako mbele ya macho yako, na nakala ya kitambulisho uliyoiacha kwenye mashine aifute. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu azitumie kwa jambo lile alilozikusanyia tu, kwa hiyo humwombi hisani.

Usiku ule Buna simu ya kijana wa kibanda ilipatikana baada ya maghribi. Alisema hakumbuki neno la siri na kwamba kulirudisha ni shilingi mia tano. Mwenyeji wangu alizituma kwa M-Pesa huku akisoma istighfari kwa sauti. Tarakimu zikaja. Mtandao ulikuwa dhaifu uani, binti akapanda juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye tangi la maji, sote tukiwa chini tumeinua vichwa kama watu wanaotazama mwezi. Akanyamaza kwa muda mrefu.

"Nimepata chuo," akasema. "Cha Garissa."

Mama akahimidi. Wanawake waliokuwa upande wa pili wa ua wakapiga vigelegele.

"Lakini si kompyuta," akasema binti. "Ameniandika ufundi wa mabomba."

Kijana yule alipokuwa akijaza chaguo, alichagua lililokuwa karibu na kidole chake. Binti alikuwa ameketi ubavuni mwake wakati huo wote, macho yake kwenye skrini, bila kujua anaangalia nini. Mama aliuliza mara mbili, "Mabomba? Mabomba ya maji?" kisha akaanza kucheka, na kucheka kwake kukageuka kilio, akajifunika uso kwa ushungi. Mwenyeji wangu alimwambia binti kwamba aende, aripoti ili nafasi isipotee, na akifika huko aombe kuhamishiwa kozi aliyoitaka. Kesho yake alfajiri walipanda lori la mizigo hadi Wajir, binti na kaka yake, na sanduku moja la bati.

Wiki ya pili ya Shaaban nilipata ujumbe katika simu yangu, na ndani yake barua iliyoambatishwa. Mwanangu alinifungulia. Ilikuwa nakala ya barua aliyomwandikia mkuu wa chuo chake kuomba kuhamishwa kutoka kozi ya mabomba kwenda ya kompyuta. Ameichapa mwenyewe, aliniambia, katika somo lile la msingi ambalo hata wanafunzi wa mabomba husoma. Tarehe imekaa upande wa kulia, anwani upande wa kushoto, na chini jina lake lote hadi la babu. Barua pepe aliyoituma nayo ni yake. Neno lake la siri, alisema, hata kaka yake hajaambiwa.

Hadi ninapoandika haya, jawabu la mkuu wa chuo halijatoka. Mimi nami nimejiandikisha katika darasa la jioni, baada ya isha, Jumatatu na Jumatano. Darasani tuko watu kumi na mmoja, tisa kati yetu ni akina mama, na mdogo kuliko wote ndiye mwalimu. Wiki hii tumefika kwenye folda.